Mtu au Kisiki: Nilivyomfuata Mwanaisha Hadi Jeddah

Tangu nirudi sijashona nguo hata moja ikaisha kwa wakati. Kila anayeingia kibandani kwangu anavuta kiti, anaweka kitambaa chake pajani na kuuliza lile lile: "Haya, ulimwona?" Nikisema nilimwona, mwataka na ya ndege. Nikieleza ya ndege, mwataka na ya basi, na kabla sijafika Jeddah anaingia mteja mwingine, nalazimika kuanza upya. Basi nimeamua kuandika mara moja yaishe. Mambo ya viza na tiketi nayaacha, hayana ladha. Umra yangu pia naiacha, hiyo ni yangu na Mola wangu. Haya ni ya Mwanaisha tu, na ya ile picha.

Kwa wasiomjua, Mwanaisha ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani na huu ni mwaka wa nne hajarudi. Waliokua naye hapa Kisauni wanajua alivyokuwa mbishi. Ukimwambia leo ni Jumanne, atakuuliza nani kasema. Alibishana na ustadhi chuoni, alibishana na muuza samaki juu ya jina la samaki. Lakini ubishi wake mkubwa kuliko wote ulikuwa wa mkebe.

Mama ana mkebe wa biskuti ambao marehemu baba aliuleta kutoka hoteli aliyokuwa akifanyia kazi. Biskuti ziliisha siku ile ile, na tangu hapo mkebe unakaa nyuzi na sindano. Kwenye kifuniko kuna picha ya barabara ya kijiji cha Ulaya iliyojaa theluji. Kuna nyumba mbili, miti isiyo na majani, na kule mwisho wa barabara kuna alama nyeusi, ndogo kama punje ya mchele. Mimi nasema ni kisiki. Mwanaisha anasema ni mtu, tena mwanamke, na anakuja. Tumegombana juu ya alama ile utoto mzima, mpaka mama akawa anaufunika mkebe kwa leso ili apate kushona kwa amani.

Sasa sikilizeni kilichomkosesha mama usingizi. Kwenye simu Mwanaisha alikuwa amegeuka mtu wa "sawa". Mama akimwambia bei ya unga imepanda, sawa mama. Akimwambia mjomba ameuza mbuzi wa mama bila kumuuliza, sawa mama, hakuna shida. Mwanaisha yule! Siku moja mama aliweka simu chini akanitazama.

"Rukia, huyu wa kwenye simu simjui. Mwanangu hajapata kukubali jambo mara ya kwanza tangu nimzae. Wewe waenda umra, nenda ukamwangalie kwa macho yako."

"Nikaangalie nini, mama?"

"Kaangalie kama bado abisha."

Mombasa hadi Riyadh, vumbi katikati

Mimi, mnanijua, ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga kibanda hurudi mara mbili kushika kufuli. Hebu fikirieni mtu kama huyo anapewa kazi kama hiyo.

Nilikuwa na begi moja la nguo na mfuko wa visheti alivyokaanga mama, pamoja na amri kwamba mfuko usiwekewe kitu chochote juu yake. Mpango wangu na Mwanaisha ulikuwa mdogo tu. Madam wake hapendi wageni nyumbani kwake Riyadh, lakini kila Ijumaa alasiri humtuma bakala, yaani lile duka la kona, kununua maziwa na mkate. Ningesimama bakala kama mteja yeyote. Robo saa ingetutosha.

Addis Ababa, tulipobadilisha ndege, tukaambiwa Riyadh kumetimka vumbi na hakuna ndege inayotua. Tukakaa. Kila tangazo nilikuwa nasimama, kumbe ni la watu wa kwingine. Mama mmoja wa Kihabeshi alinionea huruma akaniletea kahawa, nami kwa adabu nikampa kisheti. Akakiuma, akafumba macho, kisha akawaita wenzake. Sikuwa na lugha ya kuwaambia kwamba vina mwenyewe. Tulipoitwa kupanda, mfuko ulikuwa umepungua vizuri, na Ijumaa yangu ilikuwa imeishia kwenye kiti cha plastiki.

Al-Naseem, kwenye lango lililofungwa

Jumamosi nilipofika sikwenda hata kunawa uso. Nilimpa dereva wa teksi anwani ya mtaa wa Al-Naseem, tukazunguka kati ya kuta ndefu za rangi ya mchanga mpaka tukapata lango la kahawia. Nikabonyeza kengele. Nikabonyeza tena. Kimya.

Nyumba ya pili kulikuwa na dereva wa watu, kijana wa Kibangladeshi, akiosha gari. Nikamwuliza: "Aisha?" Maana huko Mwanaisha ni mrefu mno, wamemkata wakabakisha Aisha.

Akatikisa mkono. "Aisha mafi."

Mafi ni hakuna. Hilo nilikuwa nimeshalijua. "Mafi vipi?"

"Mafi. Halas. Wote mafi."

Hakuna Aisha, imekwisha, wote hakuna. Nikakaa ukingoni mwa barabara na begi langu. Nilimwona mama akiniuliza kama nilimwona. Yule kijana aliogopa kuliko mimi. Akakimbia kuleta maji, akachuchumaa mbele yangu, akawa anasema "Jeddah, Jeddah," huku mkono wake ukipanda na kushuka kama mawimbi. Nilipomaliza chupa nzima ndipo nikaelewa kwamba wamekwenda zao baharini.

Nilifikia Al-Shumaisi, kwa Bi Zuhura, muuguzi wa Kiunguja ambaye ni jamaa wa jirani yetu. Al-Shumaisi ni mtaa wa zamani, umejaa wageni wa kila nchi, na ngazi za nyumba zake zinanukia vitunguu vya mataifa yote.

"Hebu kaa kitako, we mtoto wa watu," aliniambia. "Usiwe na wahka. Skuli zikifungwa wote hukimbilia pwani. Ndiyo kawaida yao."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekwambiaje? Simu anayo madam mpaka watoto walale. Kula."

Alikuwa amepika ndizi mbichi kwa tui la unga. Mnajua mimi sikatai chakula, lakini siku ile nilizigeuza ndizi sahanini mpaka zikapoa, Bi Zuhura akanihurumia akaziondoa.

Alfajiri, nikiwa bado juu ya mswala, simu ikalia. Ujumbe wa sauti. Mwanaisha alikuwa akinong'ona haraka haraka.

"Dada, usishtuke, tumeletwa Jeddah ghafla. Lakini sikiliza. Picha ya mkebe iko huku! Nimeiona kwenye bango barabarani, kubwa kuliko ukuta wetu. Kuna jumba la makumbusho, zimeletwa picha za zamani kutoka jumba kubwa la Ulaya. Madam awapeleka watoto Jumatano baada ya Alasiri. Wewe ingia, simama mbele ya picha yetu. Mimi nitakuja."

Nikafurahi, kisha wasiwasi ukarudi kwenye kiti chake. Nikamwandikia: je, tukipishana? Akajibu: Sawa dada. Nikauliza: una hakika madam hatabadilisha siku? Sawa dada. Hayo hata si majibu. Basi nikamtega. Nikaandika: "Na ujue ile alama ni kisiki."

Nilisubiri nikiwa nimeshika simu kwa mikono miwili.

Likaja jibu: "Sawa dada."

Mama alikuwa na haki ya kuogopa.

Riyadh hadi Jeddah kwa basi

Niliondoka Jumatatu ili niwe na siku nzima ya akiba. Watu wengine huweka akiba ya pesa, mimi huweka ya muda, na mara zote hulika.

Kiti cha pembeni yangu alikaa msichana wa Kikenya, Njeri, anayefanya kazi Taif. Alikuwa amekuja Riyadh na familia ya bosi wake na sasa anarudishwa kwa basi kwa sababu gari lao limejaa. Kusikia Kiswahili tu akanikumbatia kama tumezaliwa pamoja. Nikamweleza safari yangu yote kabla hatujatoka mjini.

"Aki dada, hiyo story ni tamu," alisema. "Lakini umeuliza kama ataingia ndani?"

"Si wanakwenda wote?"

"Kwenda ataenda. Hata mimi hubebwa kila mahali. Mall zote za Riyadh nimefika, na sijawahi ingia duka hata moja. Mimi hukaa na kigari cha mtoto. Hiyo ndiyo kazi, kukaa na kigari."

Akacheka, akaegemea dirisha akalala. Mimi ndiye niliyebaki macho, nikilitafuna neno lake jangwa zima. Jangwa lenyewe sina mengi ya kusema: mchanga, ngamia, kituo cha mafuta, mchanga. Ndani ya basi baridi ya kiyoyozi ilikuwa kali hata nikavaa soksi mikononi.

Tuliposimama kula niliingia mlango wa kwanza niliouona, nikakaa, nikaagiza wali wa kabsa. Chumba kizima kikanyamaza. Wanaume watupu, vijiko hewani. Mhudumu alinijia mbio akinionyesha njia ya nyuma kama anayefukuza kuku kwa heshima, na huko nikamkuta Njeri na wanawake wengine wameketi kwenye zulia, sinia limeshafika katikati.

"Nimekuona kwa dirisha ukiingia kwa wanaume," Njeri alisema akifuta machozi ya kicheko. "Nikasema huyu dada ana roho ngumu."

Mbele kidogo basi likatoa moshi na kukata kauli. Dereva akafungua boneti, akaifunga, akawasha sigara. Basi jingine lilipokuja kutuchukua, siku yangu ya akiba ilikuwa imeliwa karibu yote. Njeri aliteremka Taif. Alinishika mkono dirishani akasema: "Ukimpata, mwambie kuna Njeri anamsalimia. Hanijui, lakini mwambie tu."

Jeddah, mbele ya picha

Jeddah ina joto letu lile lile la kunata, na harufu ya bahari. Nilioga, nikapiga pasi buibui langu jipya, nikawasili kwenye lile jumba la makumbusho mapema kabisa. Mlangoni walikagua mfuko wa visheti, wakanusa, wakaufungia kwenye kabati na kunipa ufunguo.

Nilikwenda pale kumtafuta mdogo wangu, sikwenda kutazama picha. Lakini lazima niwaambie kuhusu picha, maana msiposikia hayo hamtaelewa mengine.

Maandishi ukutani yalisema wachoraji wale wa Kifaransa zamani walichekwa. Badala ya kukaa ndani, walibeba turubai zao wakaenda kuchora shambani, mtoni, mitaani, haraka haraka kabla mwanga haujabadilika, na watu wakasema picha zao hazijaisha. Mimi fundi nguo nikawapenda hapo hapo. Ukisogea karibu huoni kitu, ni mapigo ya rangi tu, kama upande wa ndani wa nguo wenye nyuzi zinazoning'inia. Ukirudi nyuma hatua chache, nguo imekaa mwilini. Kulikuwa na bwawa lenye maua juu ya maji, na mwanamke akianika nguo kwenye upepo mpaka unatamani kumshikia vibanio. Nilijikuta natabasamu peke yangu, kisha nakumbuka kilichonileta na tabasamu linakatika.

Picha yetu ilikuwa chumba cha mwisho. Jamani. Kwenye mkebe theluji ni nyeupe basi. Pale theluji ilikuwa na rangi ya waridi, ilikuwa na buluu kwenye vivuli, ilikuwa na manjano mahali jua la jioni lilipoigusa. Nimeishi na picha hiyo maisha yangu yote na nilikuwa sijaiona. Machozi yalinitoka, siwafichi. Kule mwisho wa barabara ilikuwepo alama yetu. Niliisogelea mpaka king'ora kidogo kikalia na mlinzi akanionya kwa kidole. Nikaitazama kutoka kushoto, nikaitazama kutoka kulia. Kisiki. Na kando yake matawi yaliyokatwa. Nilisikia raha ya ushindi, na sikuwa na wa kumringia.

Watu wakaja, wakapiga picha zao na simu, wakaondoka. Familia zikapita, watoto mbele, mabibi nyuma. Kila buibui jeusi lililoingia moyo wangu uliruka, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Miguu ikaanza kuuma lakini sikuthubutu kukaa, maana benchi lilikuwa chumba cha pili. Nilikuwa nikijiambia: ukitoka sasa, ndiyo sasa atakapoingia. Maneno ya Njeri yalikuwa yakinigonga kichwani.

Mwishowe mlinzi, binti mpole aliyejifunga mtandio vizuri, akanijia. Akaniuliza kwa Kiingereza kama niko salama.

"Nasubiri," nikamwambia.

Uso wake ukakunjuka, kama aliyepata jibu la fumbo. "Ah! Wanaosubiri wako chini. Kuna viti na maji. Madam wako atakukuta huko."

"Sina madam. Nina tiketi yangu." Nikamwonyesha simu.

"Ndiyo, ndiyo," alisema kwa huruma, bila hata kuitazama. "Umesimama sana. Njoo upumzike."

Alinishika mkono kwa upole kama mtu anayemvusha bibi barabara. Nilikuwa nageuza shingo kutazama picha, nikitaka kulia. Nikileta fujo nitatolewa nje kabisa. Nikienda, Mwanaisha atakuja akute hakuna mtu. Sijui watu wajasiri hufanya nini wakati kama huo. Mimi nilikwenda.

Chumba cha vigari

Chini, nyuma ya ngazi, kuna chumba kirefu. Vigari vya watoto haviruhusiwi juu, basi vimepangwa pale, na kando ya kila kigari ameketi mwanamke. Wafilipino, Wahabeshi, Waganda, na kwa hakika Wakenya. Wengine wanasinzia, mmoja anatingisha kigari kwa mguu. Mabosi wao walikuwa juu wanatazama maua kwenye maji.

Kwenye kona alikuwa mwanamke mwenye nikabu, mtoto mchanga amelala mbele yake. Akainua macho. Nikayajua.

"Dada," alisema. "Ulikuwa wapi? Nimezuiwa kupanda na kigari, nimekusubiri hapa tangu Alasiri."

Tulishikana hivyo hivyo, nikiwa nimepiga magoti juu ya zulia, na yule Mganda wa jirani akageuka kutazama ukuta ili atupe faragha. Mwanaisha alishusha nikabu. Amekonda mashavu. Mikono yake imepasuka kwa dawa za kusafishia. Nikaanza maswali ya mama yote kwa pumzi moja: wala vizuri? Walala? Wakupiga? Waugua?

"Nala. Nalala. Hawanipigi. Niko sawa, dada."

"Mbona wakonda?"

"Kazi tu. Sawa tu."

"Mama asema urudi mkataba ukiisha."

"Sawa."

Nilitaka kumtikisa. Nikamwambia: "Mwanaisha, hizi sawa zako zitamuua mama."

Akaangalia mikono yake. "Huku, dada, ukisema sawa neno huisha. Ukisema kingine, neno huanza. Mtu huchoka." Halafu, kama mtu anayekumbuka alichokuja kufanya, akauliza: "Umeiona?"

"Nimeiona. Nimesimama pale mpaka nimefukuzwa. Ni kisiki, Mwanaisha. Na matawi yake."

"Sawa," alisema.

Mtoto kwenye kigari akashusha pumzi. Mimi nilikuwa tayari natunga uongo wa kumpelekea mama. Kisha Mwanaisha akaniuliza, taratibu, bila kuinua kichwa:

"Ulisimama upande gani?"

"Pande zote."

"Karibu au mbali?"

"Karibu, mpaka king'ora kikalia."

"Ndiyo maana!" Alisema kwa sauti hadi yule Mfilipino aliyesinzia akashtuka. "Mtu gani hutazama picha kwa pua? Wewe hujui kutazama, hukujua tangu zamani!"

Nikasema: "Basi nenda kaone mwenyewe."

Yeye alitazama kigari, akatazama ngazi, akanitazama mimi. Kisha akavua nikabu yake akanifunga mimi, akaivuta ikakaa sawa kama anayemvisha bi harusi. "Madam hukaa sana juu," alisema. "Keti hapa. Akilia, mtingishe." Nikampa simu yangu yenye tiketi, akaondoka, uso wazi, mgongo umenyooka. Tulikuwa tumengoja miaka kuonana, na dakika chache tulizopata nilimpa atazame barabara ya theluji. Sikujutia. Nilikuwa naogopa tu.

Mlangoni

Madam hakukaa sana juu.

Alikuja na watoto wawili wakubwa, simu sikioni, akapita mbele yangu na kusema: "Yalla, Aisha." Yaani twende.

Kukataa kungemfichua Mwanaisha kwamba ameacha mtoto wa watu. Kukubali kulikuwa wazimu. Miguu yangu ikachagua yenyewe, nikasimama nikasukuma kigari. Tukavuka ukumbi. Aliongea na simu, akanipa mkoba wake niushike, akanipa koti la mtoto, na hakunitazama hata mara moja. Milango ya kioo ikawa inakaribia. Nje gari lilikuwa linanguruma. Nilisoma kila dua ninayoijua na nyingine nikazichanganya.

Aliyenijua ni yule mtoto mchanga. Alifumbua macho, akayatazama yangu, akatafakari kidogo, kisha akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtoto. Madam akainama kumtoa. Akaniona kwa karibu. "Aisha?"

Nikashusha nikabu.

Alimkumbatia mtoto kifuani akarudi nyuma akipiga kelele, na simlaumu, hata mimi ningepiga. Walinzi wakaja. Nikawa nasema maneno mawili niliyokuwa nayo, "Ukhti! Ukhti Aisha!" yaani dada yangu, dada yangu, huku nimekumbatia mkoba wa mwenyewe, jambo ambalo halikunisaidia.

Hapo Mwanaisha akashuka ngazi mbio. Akasimama kati yangu na walinzi akaanza kusema kwa Kiarabu. Madam akasema neno, yeye akajibu maneno kumi. Madam akanyoosha kidole juu, Mwanaisha akanyoosha chini, kule kwenye chumba cha vigari. Sikuelewa hata moja. Lakini ile sauti, jinsi inavyopanda mwisho, na mkono kiunoni, niliifahamu kuliko ninavyofahamu cherehani yangu. Nilikuwa naogopa kitakachompata, na wakati huo huo moyoni nasema: Mungu wangu, ndiye.

"Halas!" madam akasema. Alikuwa analia. Akachukua mkoba wake, Mwanaisha akanitupia simu yangu nami nikamrudishia nikabu, wakatoka.

Nilikumbuka visheti. Nikakimbia kwenye kabati, ufunguo ukakataa, ukakubali, nikatoka nje nikakuta gari linarudi nyuma. Nikaushika mfuko juu. Kioo cha mbele kikashuka kidogo na mkono ukautwaa, mkono wenye pete, wa madam mwenyewe. Alinitazama usoni kwa muda, kama anayelinganisha. Kioo cha nyuma nacho kikashuka, na kichwa cha Mwanaisha kikatokeza.

"Dada! Ni mtu!" alipiga kelele. "Na amebeba kitu!"

Gari likaingia barabarani.

Nyumbani

Baada ya hapo hakukuja ujumbe. Nilifanya umra yangu, nikarudi, na kila siku simu ilikuwa kimya. Niliwaza kila baya linaloweza kuwazwa. Nimemfukuzisha kazi kwa sababu ya alama ya rangi. Nilimweleza mama yote, nikaona anavyobana midomo, tukawa watu wawili wa wasiwasi ndani ya nyumba moja.

Ujumbe ulikuja tukiwa tumekaa na mkebe, mama anatafuta uzi wa bluu. Mwanaisha hakunong'ona.

"Kwanza kabisa, Rukia, si kisiki. Kisiki hakina kivuli kinachoinama vile. Pili, madam alininunia, akaninyang'anya simu. Kisha akaniuliza mbona sikumwambia nina dada. Nikamwambia nilikwambia mara ngapi, wewe husikii! Leo amenirudishia simu. Visheti amekula yeye vyote, mimi nimepata vitatu, na nimemwambia hiyo si haki. Tatu, mama, yule mbuzi wako mjomba hakuwa na ruhusa ya kumuuza, na mwambie nimesema hivyo."

Mama aliusikiliza. Akaomba aurudie. Akausikiliza tena, mkono umefunika mdomo, mabega yanacheka na macho yanalia. Kisha akatoa nyuzi zote, akakipeleka kifuniko mlangoni penye mwanga, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu. Alikaa nacho muda mrefu.

"Mwambie nami nimetazama," alisema. "Mwambie mama asema ni kisiki."

"Kweli waona kisiki, mama?"

"Mimi naona mtu," mama akasema. "Lakini wewe mwambie kisiki. Mkataba ukiisha aje anibishie hapa hapa."